Kupasha joto sakafu ya bafu dogo Kisoro: nyaya za umeme au maji ya sola?

Chini ya Muhabura

Habari zenu wakuu. Bafu letu hapa Kisoro, milimani kusini-magharibi mwa Uganda, ni sentimita 180 kwa 220. Ndani mna choo cha kukalia, sinki lenye kabati, na kona ya kuogea ya 90 kwa 90. Chini ni zege lililomwagwa juu ya hadikoo ya mawe ya volkano, halafu skridi (tabaka la simenti la kusawazisha), halafu vigae vya zamani ambavyo tunavibomoa mwezi huu. Alfajiri sakafu ni ya baridi kali, wazee wa nyumbani hawawezi kuikanyaga bila ndara, na ndara zikilowa zinateleza. Hicho ndicho kinachonitia hofu.

Nataka kuweka mkeka wa nyaya za umeme chini ya vigae vipya. Ninunue wa ukubwa gani? Naweza kuulaza moja kwa moja juu ya zege? Utakula yuniti ngapi za Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla) kwa mwezi? Na kwa kuwa juu ya paa tuna tangi la sola la lita 200, si afadhali kupitisha paipu la maji ya moto sakafuni? Jambo jingine: jioni umeme wetu hushuka, maltimita inasoma volti 200.

---

Mwiko na Pimamaji

Karibu sana. Naanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Mkeka ukilala moja kwa moja juu ya zege lililokaa ardhini, utakuwa unapasha ardhi ya Kisoro. Zege la unene wa sentimita 10 chini ya mita mraba 2 lina uzito wa karibu kilo 480. Kulipandisha nyuzi 10 tu ni karibu yuniti 1.2, kabla hujahesabu joto linalozama chini. Mkeka wa wati 300 (mita mraba 2, wati 150 kwa kila moja) unahitaji saa 4 kuifanya kazi hiyo. Uuwashe saa 11 alfajiri, joto litafika mguuni saa 3 asubuhi, watu wamekwisha kwenda kazini.

Dawa yake ni bodi ya kuzuia joto: povu gumu la polisterini lililopakwa saruji na wavu pande zote mbili. Usichukue lile povu jeupe la punjepunje linalofungia televisheni, hilo hubonyea na vigae vitapasuka. Bodi ya milimita 6 inasaidia, ya 10 ni bora zaidi. Ukiwa nayo, kinachopashwa ni gundi na kigae peke yake, karibu kilo 85, na nyuzi zilezile 10 unazipata ndani ya saa moja hivi. Kama bajeti inabana, punguza kwenye vigae au kwenye themostati (swichi inayowasha na kuzima mkeka kwa kufuata joto) ya kioo yenye WiFi. Bodi usiiguse.

Ukubwa. Bafu lote ni mita mraba 3.96. Toa choo, karibu 0.28. Toa kabati la sinki, 0.27. Toa kona ya kuogea, 0.81. Toa tena ukanda wa sentimita 5 kando ya kuta na kuzunguka mguu wa choo. Kinachobaki ni mita mraba 2 na chenji, basi nunua mkeka wa mita mraba 2: upana wa sentimita 50, urefu wa mita 4. Usinunue wa 2.5 ukitumaini kuupunguza. Waya wa kupasha haukatwi kamwe. Kinachokatwa ni wavu ulioushikilia, ndipo unaugeuza mkeka kwenye kona. Na usiupitishe chini ya kabati lililokaa sakafuni: joto linakosa pa kutokea, linajikusanya, waya unaungua.

Kwa bafu lenye kona nyingi, waya mtupu usio na wavu unafaa zaidi kuliko mkeka, maana unaupanga mwenyewe. Nafasi kati ya mistari ni wati za waya kwa mita, gawa kwa wati unazotaka kwa mita mraba. Waya wa wati 10 kwa mita, ukitaka 150 kwa mita mraba, unakaa kila sentimita 6.7. Usishuke chini ya sentimita 5, na mistari isipandane wala kugusana hata mahali pamoja.

Kimo cha sakafu ndicho watu hukumbuka wamechelewa. Gundi ya chini milimita 3, bodi 10, gundi ya kufunika waya 7, utando wa kuzuia maji 1, gundi ya kigae 4, kigae 8. Jumla milimita 33. Ukibomoa vigae pamoja na skridi yake utapata nafasi hiyo bila kukata mlango. Ila tazama choo: kama mdomo wake unaingia ukutani, kila milimita unayopandisha sakafu inapandisha mdomo huo, na hapo utahitaji kiunganishi kilichopinda. Pima kabla hujamwaga chochote.

Gundi iwe ya kunyumbulika, ile inayoandikwa C2 S1 kwenye mfuko. Kwa wastani inakula kilo 1.4 kwa kila mita mraba kwa kila milimita ya unene. Chini ya bodi kilo 13, kufunika waya kilo 30, chini ya vigae kilo 22. Ni kilo 65. Nunua mifuko minne ya kilo 20. Simenti ya kujisawazisha usiitumie kwenye sakafu yenye mteremko wa kwenda kwenye drein, kwa sababu itatafuta usawa wake na kuua mteremko wote.

---

Waya na Ardhi

Nakubaliana na fundi kuhusu bodi. Mimi naingia upande wa umeme, na naomba usomwe wote kabla hujamwita mtu.

Kwanza volti. Mkeka wa wati 300 kwa volti 230 una ukinzani wa ohm 176. Umeme ukiwa 240, unatoa wati 327. Ukishuka hadi 200, unatoa 227. Usiogope hiyo 227. Sakafu yenye nyuzi 26 ndani ya bafu la nyuzi 18 inatoa karibu wati 85 kwa kila mita mraba, yaani 170 kwa mkeka wako. Bado unabaki na ziada, kinachorefuka ni muda wa kupanda. Kama jioni huwa mnaona hata 180, hapo unabaki na wati 184 na utangoja sana. Kwa nyumba ya namna hiyo ningechukua mkeka wa wati 200 kwa mita mraba, na kuiacha sensa ya sakafu (kipima joto kidogo kinachozikwa chini ya vigae) iuzuie usipite kiasi.

Pili ardhi, yaani ethi, na kwa Kisoro jambo hili lina uzito wake. Mawe ya volkano yako karibu na uso wa udongo, fimbo ya ethi haiingii vizuri, na hata ikiingia ukinzani wake unakuwa mkubwa. Breka ya kawaida haitaruka waya wa kupasha ukivujisha umeme kwenye sakafu iliyolowa. RCD (swichi inayokata umeme mara unapovuja) ya miliampia 30 ndiyo inayomlinda mtu. Mkeka uwe na laini yake kutoka kwenye boksi: waya wa milimita mraba 2.5, breka ya ampia 6 au 10, na RCD hiyo mbele yake. Ukinzani wa ethi upimwe. Ukizidi ohm 200 hali si ya kutegemewa, ongeza fimbo nyingine mbali na ya kwanza, au zika ukanda wa shaba kwenye mtaro. Mapaipu ya chuma ya bafuni yaunganishwe na ethi pia. Msuko wa chuma unaozunguka waya wa mkeka ndio ethi yake, lazima ufungwe kwenye ethi. Kuna mafundi wanaoukata wakidhani ni wa kupamba.

Usiibe umeme kutoka kwenye laini ya shawa ya papo hapo. Shawa ya kilowati 5.5 peke yake inavuta ampia 23, na waya wake mara nyingi umekwisha fika mwisho wa uwezo.

Tatu themostati. Ikae nje ya bafu, ukutani upande wa korido, ndani mvuke utaiharibu. Chagua inayosoma sensa ya sakafu. Mabafu yetu yana matundu ya hewa juu ya dirisha na mengi hayana dari, hewa inaingia usiku kucha. Themostati inayosoma hewa ukiiwekea nyuzi 22 haitazima hata siku moja, kwa sababu hewa ya bafu la Kisoro alfajiri haifiki 22. Sakafu ndiyo unayoinunulia joto. Weka nyuzi 26 au 27 na uiache hapo.

Sensa iingie ndani ya bomba dogo la plastiki lililozibwa mdomo kwa ndani, lichimbiwe kwenye bodi ili lisivimbe, likae katikati kabisa ya mistari miwili ya waya. Likigusa mstari mmoja litasoma joto la uongo na mkeka utazima mapema. Bomba hilo ndilo litakalokuruhusu kubadilisha sensa bila kuvunja kigae. Sensa nyingi husoma kiloohm 10 kwenye nyuzi 25, ila si zote, basi tumia ile iliyokuja na themostati yake.

Na umeme unapokatika, themostati za bei ya chini hupoteza saa. Tafuta inayohifadhi saa na ratiba. Radi nazo si haba kwetu milimani, kizuizi cha mawimbi ya umeme kwenye boksi kitaiokoa themostati pamoja na friji.

Yuniti: saa 11 hadi saa 1 na nusu asubuhi, saa 1 hadi saa 3 na nusu usiku. Ni saa 5. Ukiwaka mfululizo ni yuniti 1.5, lakini sakafu ikishapata joto mkeka unazima na kuwaka, hivyo hesabu yuniti 1 kwa siku, 30 kwa mwezi. Zipige kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya Yaka, usisahau VAT ya asilimia 18. Kama yuniti inakutoka shilingi 800 pamoja na kodi, ni 24,000 kwa mwezi. Bila bodi, tegemea zaidi ya hapo.

Kazi ya kuunganisha ifanywe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda. Kulaza mkeka unaweza mwenyewe.

---

Chini ya Muhabura

Asanteni sana, nimeandika yote. Asubuhi volti zetu ni 235 hadi 240, ni jioni tu zinashuka, basi nabaki na wati 150 kwa mita mraba. Nina maswali mawili zaidi. Kuna mtu Kampala anauza mkeka uliotoka Marekani kwenye kontena, haujafunguliwa, lebo inasema volti 120, wati 240. Anasema utafanya kazi, utapasha haraka tu. Na je, mkeka usifike kabisa kwenye kona ya kuogea? Hapo ndipo miguu inasimama muda mrefu.

---

Waya na Ardhi

Usiununue, ssebo. Mkeka huo una ohm 60. Ukiupa volti 240 unatoa wati 960 badala ya 240, mara nne. Utapasha haraka kweli, halafu plastiki ya waya itayeyuka chini ya vigae vyako. Transfoma ya kushusha volti ipo, lakini inahitaji mahali pakavu, inapoteza umeme, na inakuongezea kitu kingine cha kuharibika. Soma lebo: iwe 230 au 240, nyaya mbili ndani ya ganda moja, ili mwisho mmoja tu ndio urudi kwenye themostati.

Upime siku unaponunua, mbele ya muuzaji. Maltimita isome kati ya asilimia 5 chini na 10 juu ya namba ya lebo. Kwa ohm 176 ni kuanzia 167 hadi 194. Ikionyesha hakuna mwisho, waya umekatika. Ikionyesha kidogo mno, nyaya zimegusana. Halafu mega (kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja) ya volti 500 kati ya nyaya na msuko wa ethi: mkeka mzima unatoa megaohm nyingi, na wowote unaoshuka kuelekea 1 urudishwe dukani. Vipimo hivyo virudiwe mkeka ukishalazwa, na tena vigae vikishakauka. Wakati wa kufunika, maltimita ibaki imefungwa kwenye ncha za waya fundi akifanya kazi. Mwiko ukikata waya utajua dakika ileile, gundi ikiwa bado mbichi.

---

Mwiko na Pimamaji

Kona ya kuogea inaweza kupashwa, mikeka mingi inaruhusu maeneo yenye maji, soma karatasi yake. Ila angalia mambo mawili. Maji ya moto ya shawa yenyewe yanaipasha sehemu hiyo ndani ya dakika moja, kwa hiyo faida ni ndogo. Na mteremko wa kwenda kwenye drein unaleta mikunjo ambapo waya unaweza kubaki juu na kukosa gundi ya kutosha. Mimi ningeiacha, na kuupanga mkeka uanze mlangoni, upite mbele ya sinki, ufike mbele ya choo, na uishie pale mtu anaposimama kujifuta.

Utaratibu wa kulaza: zege lifagiliwe na lilowe kidogo, bodi zilalie gundi iliyojaa bila tundu chini yake, viungo vipishane kama matofali na vibandikwe utepe. Siku ya pili panga mkeka ukavu, weka alama, ndipo uubandike. Kile kiungo ambapo waya wa kupasha unakutana na waya wa kawaida ni kinene kuliko waya, kichongee nafasi ndani ya bodi. Kiungo hicho na ncha ya mwisho vyote vizikwe ndani ya gundi chini ya kigae. Vikiachwa ndani ya bomba la ukutani, joto halina pa kwenda.

Funika waya kwa mwiko wa plastiki, usitumie wa chuma wenye meno. Wanaotembea juu yake wavue buti na walaze maboksi ya karatasi. Gundi hiyo ikauke, ndipo upake utando wa kuzuia maji mara mbili, upande ukutani sentimita 15, na kona ya kuogea hadi juu ya kichwa. Utando ukikaa chini ya waya peke yake, maji yatafika kwenye gundi inayouzunguka waya na kukaa humo.

Sasa jambo ambalo naomba usimame ulisimamie wewe mwenyewe: fundi asibandike kigae kwa vidonge vitano vya simenti, kimoja katikati na vinne pembeni. Ndivyo wengi walivyofundishwa na kwa sakafu ya kawaida wanaponea. Hapa kila tundu la hewa chini ya kigae ni mahali waya unapopata joto kupita kiasi, na kigae kinapanuka upande mmoja tu hadi kupasuka. Gundi ienee kote. Ng'oa kigae kimoja kikiwa kibichi, ukigeuze, uone mgongo wake umejaa.

---

Tangi na Koki

Nijibu la maji ya sola, halikujibiwa. Nishati unayo. Yuniti moja kwa siku inashusha lita 200 za tangi lako kwa nyuzi 4.3 tu, hutaihisi. Tatizo ni vitu vinavyotakiwa kati ya paa na sakafu. Kwa mita mraba 2 unahitaji karibu mita 13 za paipu la plastiki la PEX la milimita 16, likikaa kila sentimita 15. Tangi linatoa maji ya nyuzi 60 au zaidi mchana, sakafu inataka 35 hadi 45, basi lazima pawe na vali ya kuchanganya. Maji hayataizunguka sakafu yenyewe kwa kuwa tangi liko juu na sakafu iko chini, basi lazima pawe na pampu ndogo, na pampu inataka umeme uleule. Juu ya paipu unahitaji skridi ya milimita 65 hivi, ambayo itachukua saa kadhaa kupata joto. Na saa 11 alfajiri ndipo tangi lina joto dogo kuliko saa zote, baada ya watu kuoga usiku.

La kunifanya nikukataze kabisa ni hili: matangi mengi ya paani yanapasha maji yaleyale mnayoogea. Ukiyapitisha sakafuni, yatatuama kwenye paipu yakiwa vuguvugu, na bakteria wa legionela hustawi kwenye maji ya namna hiyo, halafu yanarudi kwenye shawa na mtu anavuta manyunyu yake. Kuepuka hilo unahitaji kibadilisha joto kinachotenganisha maji mawili. Kwa nyumba nzima inayojengwa upya ningekuambia tufanye. Kwa bafu moja, chukua nyaya.

---

Chini ya Muhabura

Nimeelewa, nyaya. La mwisho: niwashe lini baada ya vigae? Na choo kinafungwa kwa skrubu nne sakafuni, sijui nifanyeje.

---

Mwiko na Pimamaji

Soma siku zilizoandikwa kwenye mfuko wa gundi. Kwa kawaida ni 7 hadi 14, na kwa baridi na unyevu wa huko kwenu chukua 14. Kuwasha mapema ili gundi ikauke haraka ni kosa: maji yanatoka kabla simenti haijashika, gundi inabaki unga, na vigae vinalia tupu ukivigonga. Siku ya kwanza weka nyuzi 20, kisha panda nyuzi 2 kila siku hadi 26. Mahali sakafu inapokutana na ukuta pasiwe na grauti (simenti ya kujazia kati ya vigae), paka silikoni, sakafu ipate nafasi ya kupanuka.

Skrubu za choo haziko juu ya mkeka kama uliacha ukanda kuzunguka mguu wake, lakini usikisie. Kabla ya kufunika waya, laza tepu mbili za kupimia sakafuni, moja kutoka ukuta wa mlango na nyingine kutoka ukuta wa sinki, upige picha kutoka juu huku namba zinasomeka. Ukitilia shaka hata skrubu moja, usitoboe: kibandike choo kwa silikoni ya bafuni pande zote za mguu, acha saa 24 bila mtu kukikalia. Kizuizi cha mlango nacho kifungwe ukutani, sakafuni kisiguswe.

---

Waya na Ardhi

Picha hizo zichapishwe pamoja na vipimo vitatu vya ohm na mega, vibandikwe ndani ya kifuniko cha boksi la breka. Andika pia saizi ya mkeka na upande unakoanzia. Fundi bomba atakayekuja na drili hatakuwa na simu yako.